Miligramu 11 za Lord Rayleigh

Takribani asilimia 0.93 ya hewa tunayovuta ni arigoni. Si haba, lakini wanakemia waliichambua hewa kwa zaidi ya karne moja bila kuitambua, kwa kuwa walizoea kuitambua gesi kwa vile inavyoungana na vitu vingine, na hii haiungani na chochote. Iliyoifichua ni mizani.

Mwaka 1892 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa nitrojeni kwa njia mbili. Kwanza alipitisha hewa juu ya shaba ya moto, ambayo huinyonya oksijeni. Pili aliichanganya hewa na amonia kabla ya kuifikisha kwenye shaba. Haidrojeni ya amonia ikachukua oksijeni na kuwa maji. Nitrojeni ya njia ya pili ikawa nyepesi kwa takribani sehemu 1 katika 1,000.

Anayepata tofauti ndogo namna hiyo kwa kawaida huhangaika kuipunguza. Rayleigh aliamua kuikuza, na kwangu mimi uamuzi huo ndio ugunduzi wenyewe. Aliona kwamba katika njia ya pili ni sehemu kama moja ya saba tu ya nitrojeni iliyotoka kwenye amonia. Iliyobaki ilikuwa ya hewani. Basi akaondoa hewa, akatumia oksijeni safi, ili nitrojeni yote itoke kwenye amonia. Tofauti ikapanda hadi takribani sehemu 1 katika 200. Kosa la mizani lisingejua gesi imetoka wapi.

Alipotumia kemikali nyingine matokeo hayakubadilika: chombo kilekile kilibeba gramu 2.3102 za nitrojeni ya hewani, lakini gramu 2.2993 tu za ile ya kemikali. Je, ile nyepesi ilikuwa na mabaki ya haidrojeni? Alitia haidrojeni kwa makusudi, akaisafisha kama kawaida, na uzito ukabaki uleule. Ikabaki dhana moja: ile ya hewani ilikuwa imebeba kitu kizito.

Mwanakemia William Ramsay wa London aliipitisha nitrojeni ya hewani juu ya magnesiamu ya moto, tena na tena. Magnesiamu iliinyonya nitrojeni, na msongamano wa gesi iliyosalia ukapanda kutoka 14 hadi karibu 20, haidrojeni ikihesabiwa 1. Spektra yake ilionyesha mistari ya rangi isiyolingana na ya elementi yoyote iliyojulikana. Rayleigh naye alirudia jaribio la mwanakemia Henry Cavendish la mwaka 1785, la kuunguza nitrojeni kwa cheche za umeme. Cavendish alibakiwa na kipovu kisichozidi sehemu 1 katika 120, akakiandika, mambo yakaishia hapo. Sasa ilidhihirika kwamba kipovu hicho hukua kadiri hewa inavyoongezwa.

Ugunduzi wa gesi hiyo, arigoni, ulitangazwa mwaka 1894. Mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev alisita, kwani jedwali lake la elementi halikuwa na nafasi ya gesi hiyo. Alidhani huenda ni nitrojeni yenye atomu tatu. Ramsay aliendelea kutafuta: mwaka 1895 akapata heliamu kwenye madini ya urani, na mwaka 1898, akiwa na Morris Travers, akapata neoni, kriptoni na zenoni. Jedwali likaongezewa safu nzima.