Msimulizi Asiye na Kazi: Dakta Watson Katika Riwaya na Katika Sinema

Baina ya mwaka 1939 na mwaka 1946 zilitolewa Marekani filamu 14 za Sherlock Holmes, ambamo Basil Rathbone aliigiza nafsi ya mpelelezi, na Nigel Bruce nafsi ya sahibu yake, Dakta Watson. Zote zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mbili za kwanza, The Hound of the Baskervilles na The Adventures of Sherlock Holmes, zilitolewa mwaka 1939 na kampuni ya Twentieth Century-Fox, nazo ziliwaacha wahusika katika London yao ya taa za gesi na magari ya farasi. Kumi na mbili zilizofuata, kuanzia mwaka 1942, zilikuwa za kampuni ya Universal, ambayo iliwatoa wahusika hao hao katika karne yao na kuwatia katika zama za Vita Vikuu vya Pili. Na 11 kati ya hizo ziliongozwa na mtu mmoja, Roy William Neill.

Juu ya Holmes wa Rathbone hapana haja ya maneno mengi. Uso mkavu, pua ya kipanga, na usemi wa haraka usiokwama popote, vilimfaa mno mpelelezi huyo hata watazamaji wengi wakasahau kwamba waliwahi kuona sura nyingine. (Si vibaya kukumbuka kwamba Rathbone alizaliwa Johannesburg mwaka 1892, na Bruce alizaliwa Mexico mwaka 1895, Uingereza hii iliyoaminiwa na watu wengi iliundwa California, na wachezaji wake wakuu wawili hawakuzaliwa Uingereza.) Swali zito linamhusu Watson. Kwa nini mtu ambaye katika maandishi ya Arthur Conan Doyle ni tabibu aliyesoma Chuo Kikuu cha London, askari aliyejeruhiwa katika mapigano ya Maiwand mwaka 1880, mwenye bastola na moyo wa kuitumia, aligeuka kwenye sinema kuwa mzee mnene anayeguna, anayeduwaa na anayejikwaa?

Jibu lililozoeleka ni kumlaumu Bruce, au kuwalaumu waandishi wa michezo hiyo kwa kutafuta kicheko cha rahisi. Lawama hiyo ina ukweli wake, lakini haifiki kwenye shina la jambo. Watson wa riwaya hakuwekwa pale ili awe rafiki tu. Aliwekwa awe msimulizi. Katika kazi 60 za Doyle juu ya Holmes, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56, ni nne tu ambazo hazikusimuliwa na Watson: mbili amesimulia Holmes mwenyewe, na mbili zimesimuliwa katika nafsi ya tatu. Msomaji hapewi macho mengine ila ya tabibu huyu. Na sharti la mchezo wote wa fumbo ni kwamba macho hayo yawe mazima: yaone tope kwenye kiatu, yaone majivu ya tumbaku, yaripoti kila kitu kwa uaminifu, ila yasijue maana ya yale yaliyoyaona. Watson akiwa mjinga, ripoti yake haiaminiki, na fumbo linavunjika. Akiwa mwerevu kupita kiasi, fumbo halianzi kabisa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kumuunda, na Doyle aliuweza kwa namna ambayo haijasifiwa vya kutosha.

Fauka ya hayo, katika riwaya Watson si mmoja; ni wawili. Yuko Watson aliyeandamana na Holmes usiku ule na asijue lolote, na yuko Watson aketiye baadaye mezani kwake kuandika, ambaye anajua yote na kuyaficha makusudi. Lugha ya Kiswahili inaliweka wazi jambo hili. Watson mwandishi husema kwa -li- na huendeleza kwa -ka-: niliingia, nikaona, nikashangaa. Kila nikashangaa yake ni mshangao wa mtu ambaye, wakati wa kuandika, hashangai tena. Ujinga wa jana umesimuliwa na ujuzi wa leo, na ndiyo sababu haumdhalilishi. Msomaji humheshimu mtu anayekiri kwamba siku ile hakung'amua.

Kamera haina -li-. Haina -ka- pia. Yote inayoyaonyesha huyaonyesha kwa -na-: mtu anaingia, anaona, anashangaa. Ikiwa mwongozaji hakutafuta hila ya kuurudisha wakati uliopita, Watson mwandishi hufutwa papo hapo, akabaki yule wa pili peke yake, yule asiyejua. Naye sasa husimama mbele ya macho ya watazamaji waziwazi, akishangaa kwa uso na kwa mikono. Na kwa kuwa kamera imekwisha kuitwaa kazi yake ya kuripoti, hana tena shughuli ndani ya hadithi. Mhusika asiye na shughuli hupewa kichekesho. Bruce hakuiharibu nafasi ya Watson; aliikuta tupu, akaijaza kwa alichokuwa nacho.

Uthabiti wa hoja hii waonekana bora katika The Hound of the Baskervilles, kwa kuwa riwaya hiyo, iliyochapishwa mara ya kwanza kwa mfululizo baina ya 1901 na 1902, ndiyo inayomtegemea Watson kuliko zote. Holmes hutoweka katikati ya kitabu, na kwa sura kadhaa msomaji husoma barua za Watson kwa rafikiye na shajara yake. Doyle hapa alifanya jambo la busara. Barua huandikwa kabla ya mwisho kujulikana, kwa hiyo Watson hana haja ya kuficha, hajui kweli. Walakini hakai bure. Ni yeye, pamoja na Sir Henry, anayegundua maana ya mshumaa wa Barrymore dirishani. Ni yeye anayemfuatia Laura Lyons hadi kumhoji. Na ni yeye anayekiandama kivuli cha mtu aliyeonekana juu ya mwamba wakati wa mbalamwezi, akaingia peke yake katika kibanda cha mawe na kungoja na bastola mkononi. Mtu huyo anapofika ni Holmes, ambaye amemtambua Watson kwa kipande cha sigara kilichotupwa nje. Wamekamatana wawili hao, kila mmoja kwa ustadi wake. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mwanafunzi anamkaribia mwalimu.

Filamu ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Sidney Lanfield, imemwondoa Laura Lyons kabisa, na pamoja naye imeondoa upelelezi mzuri kuliko wote ambao Watson aliufanya peke yake. Holmes huja nyikani akiwa amejigeuza mchuuzi mzee, na Watson hadanganyiki katika kitabu kama anavyodanganyika hapa: kukamatana kumekuwa kukamatwa. Mahali pa ripoti zake imewekwa tamasha ya kuita mizimu, ambayo Doyle hakuiandika katika riwaya hii. Tamasha hiyo ni nzuri kuitazama, na ukungu wa studio, uliopigwa picha kwa kijivu cha namna nyingi, unatisha kuliko rangi yoyote ingalivyotisha. Lakini hofu hiyo ni ya macho matupu. Hofu ya kitabu ni ya mtu mwenye akili timamu anayeandika usiku, akijaribu kuwa mtulivu katika sentensi zake na asiweze.

Inafaa kusema pia yanayomtetea Bruce. Holmes wa Rathbone ni baridi, na bila joto la mtu huyu mnene kando yake asingalivumilika kwa filamu 14. Katika Dressed to Kill ya mwaka 1946, ya mwisho kati ya hizo, Watson humwigizia bata mtoto wa kike aliyepatwa na hofu ili amnyamazishe. Wahakiki wakali wameicheka hila hiyo. Hata hivyo, katika filamu hiyo hiyo ni neno alilolitamka Watson bila kukusudia, juu ya Dakta Samuel Johnson, linalomfungulia Holmes fumbo. Waandishi wa mchezo walihisi, yamkini bila kulifikiri sana, kwamba walikuwa na deni kwake.

Ushahidi ulio na nguvu kupita wote watoka nje ya sinema. Katika miaka ile ile, kuanzia 1939 hadi 1946, Rathbone na Bruce walikuwa wakiigiza wahusika hao katika redio ya Marekani. Mchezaji ni yule yule, na sauti ni ile ile yenye kuguna. Lakini katika redio hakuna kamera, basi lazima mtu asimulie. Na Watson wa Bruce akarudi kitini, akawa mzee anayemweleza mtangazaji visa vya zamani. -Li- ilirudi, na heshima kiasi ikarudi pamoja nayo.

Waongozaji wengine wa zama hizo waliliona tatizo la nafsi ya kwanza na wakajaribu dawa mbalimbali. Robert Montgomery, katika Lady in the Lake ya mwaka 1947, iliyotokana na riwaya ya Raymond Chandler, aliifanya kamera iwe macho ya mpelelezi Marlowe mwenyewe. Ukiacha sehemu ambazo Marlowe anazungumza na watazamaji akiwa mezani kwake, haonekani ila kwenye kioo. Jaribio hilo ni la kishujaa na limeshindwa. Mimi wa lugha si jicho; ni mtu anayechagua nini aseme na nini aache, na chaguo hilo ndilo linalomfichua. Jicho la kamera halichagui, hutazama tu, na watu wote wanapolikodolea macho Marlowe huonekana hayupo. Edward Dmytryk alifaulu zaidi mwaka 1944 katika Murder, My Sweet, iliyotokana pia na Chandler: Marlowe ameketi mbele ya polisi, macho yamefungwa kitambaa, anasimulia yaliyopita, na picha zinafuata sauti yake. Mtu asiyeona ndiye anayeonyesha. Sauti ina -li-, picha ina -na-, na wale wawili waliokuwamo ndani ya Watson wamerudi pamoja.

Jambo hili lina uzito kwa wanaofundisha riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Tangu Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, imekuwa desturi kumlinganisha Bwana Msa na Holmes, kwa kiko na kwa akili, na kumlinganisha Najum na Watson. Ulinganisho ni halali. Lakini mara nyingi Watson anayetumiwa kama pishi la kumpimia Najum ni yule wa sinema, mzee wa kuduwaa, na Najum akaonekana kivuli au mzaha. Akipimwa kwa Watson wa kitabu, maswali yanakuwa mengine kabisa: habari gani zinamfikia msomaji kupitia kwake, zipi zinazuiliwa, na mshangao wake unatazamwa kutoka upande upi wa wakati. Hayo ni maswali ya lugha kabla hayajawa ya tabia za wahusika.

Mwaka 1959 kampuni ya Uingereza, Hammer, iliitoa tena The Hound of the Baskervilles, safari hii kwa rangi, na André Morell akamwigiza Watson kama mtu mzima, mtulivu, mwenye kuaminika. Wengi walifurahi kwamba tabibu amerudishiwa hadhi yake. Amerudishiwa kweli, ila humo pia kamera ndiyo inayosimulia, na Watson huyu mwenye hadhi husimama kando ya Holmes akingoja kuambiwa la kufanya.