Watu Wasio na Kesho?

Ndugu msomaji, neno falsafa huwatisha wengi wetu. Tukilisikia, mawazo hukimbilia vyuo vikuu na wazee wa Kiyunani wenye ndevu ndefu. Kumbe falsafa twaila kila siku pamoja na chai ya asubuhi. Mtu amealikwa kwenye nikahi saa nne, afika saa sita, acheka na kusema, "Si unajua tena, saa za Kiafrika." Hapo ametoa hukumu nzito kuliko anavyodhani. Amesema jambo juu ya wakati, amesema jambo juu ya Mwafrika, kisha ameyaunga hayo mawili kama kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeyaumba yakiwa pamoja. Yatupasa kuuliza hukumu hiyo imelelewa na nani. Walezi wake ni wengi, lakini wawili ni mashuhuri kupita wengine, na wote wawili wamekopa maneno katika lugha yetu hii ya Kiswahili.

Wa kwanza ni kitabu. Mwaka 1969 Profesa John Mbiti, Mkenya mzaliwa wa Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa African Religions and Philosophy. Anayekikosoa kitabu hicho sharti kwanza akipe haki yake. Kilizifanya imani za mababu zisomwe kwa heshima wakati ambapo wageni wengi walikuwa bado wakiziita ushenzi. Lakini ndani yake mna dai moja ambalo limetembea mbali zaidi ya kitabu chenyewe: kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una pande mbili tu, yaani zamani ndefu isiyo na mwisho, na sasa; ama siku zijazo, karibu hazipo. Kwa pande hizo mbili mwandishi alichagua maneno yetu, Sasa na Zamani. Ushahidi wake mkubwa aliuchukua katika vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambavyo kwa maelezo yake havifiki mbele zaidi ya miezi sita, au miaka miwili kwa kuzidi sana.

Dai la namna hii halipimwi maktabani peke yake. Tulipeleke Bukiriro, kata ya wilaya ya Ngara mkoani Kagera, mbali na pwani na mbali na Makerere vilevile. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, na lugha za wenyeji wake, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda. Sasa, katika Kirundi na Kinyarwanda neno ejo maana yake ni jana, na ejo hilohilo maana yake ni kesho. Mwenye haraka atashangilia: tazameni watu wasiotofautisha jana na kesho! Asubiri kidogo. Msemaji akiona hataeleweka huongeza neno: ejo hashize ni ile iliyopita, ejo hazaza ni ile ijayo. Na hata asipoongeza, kitenzi kimekwisha kusema. Tena hiyo ha- ya mwanzoni ndiyo ha- ya mahali, ndugu wa pa- yetu. Nasi husema "hapo kale" na "hapo kesho", tukiutaja wakati kama mahali tunapotoka au tunapokwenda. Watu wanaoiona kesho kuwa mahali huwezi kuwaambia kwamba hawana njia ya kufika huko.

Ama Kiswahili chenyewe, tuna kesho, tuna kesho kutwa, tuna mtondo, na siku ya nne tunayo mtondogoo. (Vijana wengi siku hizi hawayajui maneno haya mawili ya mwisho, hilo ni lawama letu sisi wazee, si la lugha.) Kiingereza hakina neno moja la mtondo, na hakuna aliyeandika kitabu kusema kwamba Waingereza hawana siku ya tatu.

Lakini tuyaache maneno, tutazame jembe. Mkulima apandaye mkahawa anajua kuwa hatachuma cha maana kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Apalilia mwaka wa kwanza bila kitu, apalilia wa pili bila kitu. Apandaye mkaratusi wa mbao hungoja zaidi ya hapo, na pengine atakayeukata ni mwanawe. Atakayejibu kwamba kahawa ya biashara ilikuja na wageni, na kwa hiyo kesho nayo ilikuja na wageni, tumwulize juu ya mtama na ulezi. Mbegu za nafaka hizo zilitundikwa juu ya moshi wa jikoni kabla mgeni yeyote hajavuka ziwa. Mama mwenye mbegu ndani ya nyumba, na watoto wenye njaa ndani ya nyumba hiyohiyo, naye akazilinda zile mbegu kwa ajili ya mvua isiyonyesha bado, huyo anaijua kesho kwa uchungu ambao kitenzi cha lugha yoyote hakiwezi kuubeba. Hapa ndipo kosa la Profesa lilipo. Aliuliza sarufi swali ambalo alipaswa kuiuliza ghala.

Mlezi wa pili ni filamu, naye ana wasikilizaji wengi kuliko profesa yeyote. Mwezi wa Juni 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni, The Lion King. Ndani yake Timon na Pumbaa wanamfundisha Simba, mtoto wa mfalme aliyefiwa na baba yake, wimbo uitwao "Hakuna Matata", na maneno hayo mawili ya Kiswahili yakaitwa falsafa: usijali, usiwaze, siku zipite. Si wao waliokuwa wa kwanza kuwauzia wageni maneno hayo. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliyaimba mwaka 1982 katika "Jambo Bwana". Lakini Disney iliyaandikisha huko Marekani kuwa alama yake ya biashara, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Jambo la ajabu ni kwamba hadithi yenyewe inaukanusha wimbo wake. Simba hawi mtu mzima mpaka aache kuuimba na kurudi kubeba wajibu alioukimbia. Wenye filamu walilijua hilo. Ila kinachouzwa katika fulana si kurudi kwa Simba.

Tena maana imepotoshwa. Kwetu "hakuna matata" ni jibu. Mtu ameuliza kama kuna tatizo, nawe umetazama, ukakuta hakuna, ukasema. Ni taarifa juu ya jambo moja siku moja, wala si kanuni ya kuishi. Na matata ni mambo yaliyotatizana kama uzi; anayesema hakuna, kwanza ameushika uzi.

Wiki chache tu kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa, tarehe 28 Aprili 1994, watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Katika muda wa saa ishirini na nne hivi walivuka kiasi cha 250,000, wasio na hatia na wenye damu mikononi wakiwa katika msafara mmoja. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wenyeji waliona miti yao ikiisha kwa kuni na bei za sokoni zikipanda na kushuka. Desemba 1996 Serikali ya Tanzania na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huohuo. Haya ndiyo yaliyokuwa Ngara wakati dunia ikijifunza lugha yetu kwa maneno mawili.

Huenda utasema, ndugu msomaji, wimbo ni wimbo tu. La. Mtu akishaaminiwa kuwa hana kesho, hupangiwa na wengine. Novemba 1973 ilipotolewa amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa kijijini awe anaishi katika kijiji cha ujamaa au cha maendeleo, mamilioni walihamishwa, na wengi hawakuulizwa miti waliyoiacha walikuwa wameipandia nini. Walioamrisha hawakuhitaji kumsoma Mbiti. Dhana ile tayari ilikuwamo vichwani mwao, nao walikuwa Waafrika.

Sisi Waislamu nasi tusijifiche. Tumelifanya neno "inshallah" kuwa pazia la ahadi tusizokusudia kuzitimiza. Isome Suratul-Kahf, aya ya 23 na ya 24. Anayeamrishwa kuitegemeza kesho kwa mapenzi ya Mwenyezi Mungu ni mtu aliyekwisha kuamua atafanya nini kesho. Asiye na azma hana cha kukitegemeza. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuliandika deni pamoja na muda wake wa kulipwa. Ewe unayechelewa nikahi kwa jina la Afrika, mbona futari huchelewi?