Uhakiki wa Kanuni ya Kukata Alama za Kubahatisha katika Maswali ya Kuchagua

Kanuni kongwe ya kurekebisha alama huchukua idadi ya majibu sahihi na kutoa humo idadi ya makosa iliyogawanywa kwa idadi ya machaguo kasoro moja. Hesabu yake haina dosari. Dosari imo katika dhana inayoibeba, kwamba mtahiniwa ama anajua, ama anabahatisha gizani.

Tuchukue mtihani wa maswali 100 yenye machaguo matano. Watahiniwa wawili wana hakika ya maswali 70. Katika 30 yaliyosalia, kila mmoja anaweza kuondoa machaguo mawili yasiyofaa. Wa kwanza anajibu yote: kwa wastani atapata 10, atakosa 20, atakatwa alama 5 na kuishia na 75. Wa pili, kwa kuogopa adhabu (nasi watahini ndio tuliomtisha), anayaacha wazi na kubaki na 70. Maarifa yao ni sawa. Tofauti hiyo imepima ujasiri.

Birnbaum, katika kitabu cha Lord na Novick cha mwaka 1968, alilipa kila swali kigezo cha uwezekano wa kujibiwa sahihi hata na mwenye uwezo mdogo kabisa. Hata hivyo, kigezo hicho ni sifa ya swali. Hakimtofautishi jasiri na mwoga.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mtihani wa SAT wa Marekani wa kuacha kukata robo alama mwaka 2016 una mashiko zaidi. Kubahatisha hakuondoki, ila mwoga naye hana tena sababu ya kuacha swali wazi.