Kadi za Maneno na Milango ya Kamusi

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilipanga nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya vitenzi vyake. Mtafutaji wa "mpishi" alilazimika kufungua "pika". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) ililiweka neno hilo chini ya M. Mipango yote miwili ilitokana na fikra za watunga kamusi. Watayarishaji wa tovuti za kamusi wanaourithi mmojawapo hawana budi kwanza kuwapa watumiaji kadi zilizoandikwa neno moja moja, wazipange katika mafungu na kuyapa majina wenyewe. Njia hii hufichua jinsi watu wanavyoyahusisha maneno. Haithibitishi kwamba watayapata upesi, jambo linalodai jaribio jingine. Kasoro kubwa zaidi imo katika lugha ya kadi zenyewe. Huko Nyamianda, Uvira, ambako "mutoto" na "batoto" ni maumbo ya mazungumzo ya kila siku, kadi zenye "mtoto" na "watoto" pekee humtia msomaji jibu kinywani. Atazipanga kama mwanafunzi aliye mtihanini, na tovuti itakayojengwa juu ya mafungu hayo itamfungia mlango siku atakapoandika "batoto".