Waraka wa Machi 1994

Waraka wa Jon Postel wa Machi 1994, uitwao RFC 1591, ni mfupi. Mtu huumaliza kabla chai haijapoa. Ndio ulioweka kanuni za kugawa majina ya mtandao, na ni katika zama zake .tz ilipoanza, mwaka 1995. Nausifu kwa jambo moja: wanaosimamia majina ya nchi unawataka wayaone kuwa ni dhamana, si mali. Lakini kipo kifungu kinachonikera. Wawili wakigombea jina, chasema, msajili hana kazi ila kuwapa pande zote anwani za mawasiliano. Basi.

Tukilete kifungu hicho Majengo, hapa Dodoma. Tuseme mwenye nyumba ya wageni karibu na soko alimwomba kijana wa kompyuta amfungulie tovuti. Kijana akaliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake, maana ndivyo ilivyokuwa rahisi. Akalipa kwa simu yake, akarudishiwa fedha mkononi bila stakabadhi. Baada ya miaka minne wakakosana. Sasa wote wawili wanampigia mtoa huduma. Mmoja anasema, "Ifunge." Mwingine anasema, "Nipe neno la siri, biashara ni yangu." Kuwapa anwani watu wanaopishana kila asubuhi sokoni ni mzaha.

Postel alihofia msajili asigeuke hakimu, na hofu hiyo sisi wa Dodoma hatuna haja ya kufundishwa. CDA, iliyoundwa mwaka 1973, ilipima viwanja, ikavigawa kwa hati za miaka 33, na mwenye malalamiko aghalabu alirudi mlango ule ule, hadi ilipovunjwa Mei 2017. (Jina la mtandao nalo ni la kupanga, tena kwa mwaka mwaka.)

Hata hivyo, kati ya hakimu na karani yupo mtu ambaye waraka umemsahau, naye ni mwekewa amana. Ikiwa jina limeandikishwa kupitia kwake, mtoa huduma hampi yeyote neno la siri. Huzuia jina lisihamishwe, huiacha tovuti na barua pepe zifanye kazi, kwa kuwa mgeni aliyekwisha lipia chumba hana ugomvi na mtu, na ada ya mwaka ikifika huilipa kwanza kisha akadai, lisije likaokotwa na mtu wa tatu. Halafu huwataka walete maandishi: cheti cha BRELA, ankara, hata ujumbe wa simu. Wasipopatana, hungoja amri ya mahakama.

Utaratibu wa ICANN wa mwaka 1999, unaohusu majina kama ya .com, haukuliziba pengo hili. Hudai mlalamikaji awe na alama ya biashara na athibitishe nia mbaya, na ada yake kwa WIPO huanzia dola 1,500. Humnasa mlanguzi wa majina makubwa. Ugomvi wa mkataba husukumwa mahakamani.

Dawa ilikuwa kwenye fomu. Ingeuliza tu jina hili linaombwa kwa niaba ya nani, na nakala ikatumwa kwenye simu ya huyo, kijana wetu angemwandika mwenye nyumba bila kusita, maana siku ile walikuwa bado wanakula sahani moja.