Sifa ya Msoma Logi

Ni kazi chache za kompyuta zinazodharauliwa kama kusoma logi ya hifadhidata iliyofurika makosa ya SSL. Mstari uleule unajirudia usiku na mchana, na huku mfumo unafanya kazi, mauzo yanaingia, hakuna aliyepiga simu kulalamika. Mwenye haraka huichuja mistari hiyo isionekane, akaenda zake. Fundi hasa huuliza kwanza: nani anayesema? Swali hilo ndilo ninalolisifu.

Jibu lake halipatikani kirahisi. Hifadhidata ya PostgreSQL, isipoguswa mipangilio yake, huandika mwanzoni mwa mstari tarehe, saa na namba ya mchakato tu. Anwani ya aliyekuja haionekani mpaka uongeze %h kwenye log_line_prefix. Maneno yenyewe nayo hupotosha. Ukikuta “tlsv1 alert unknown ca”, usikimbilie kudhani kuna anayetumia TLS 1.0; ni jina la kizamani lililobaki ndani ya OpenSSL, na hujitokeza hata kwenye TLS 1.2. Tena ujumbe huo umetoka upande wa pili: programu imeonyeshwa cheti, haimtambui aliyekitia saini, ikakikataa. Logi ni ya seva, lalamiko ni la mgeni.

Kuna watakaosema kwamba kama watumiaji wametulia, kelele ni kelele tu. Mara nyingine wana haki: kikagua-uhai huweza kuanza mazungumzo ya SSL na kukata kabla hayajakamilika, na mstari wake hauna madhara. Ila utulivu wa watumiaji si ushahidi. Programu nyingi huunganisha kupitia maktaba ya libpq, ambayo isipoelekezwa vingine hutumia sslmode ya prefer: hujaribu njia iliyosimbwa, ikishindikana hurudi bila usimbaji. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020, PostgreSQL kwa kawaida hukataa chochote kilicho chini ya TLS 1.2. Basi programu kongwe hukataliwa, kosa huandikwa, kisha hupita njia ya wazi ikiwa pg_hba.conf, faili ya ruhusa za kuunganisha, inaruhusu. Mauzo yanaingia, naam, na majina ya wateja na salio lao yanasomeka njia nzima.

Kwa hiyo kabla hujachuja hata mstari mmoja, nenda kwenye seva ya majaribio, geuza kila host ya pg_hba.conf iwe hostssl, inayokubali SSL pekee, kisha subiri uone nani atapiga simu.