"Sisi" ya Nani? Nafsi ya Usimulizi katika Masimulizi ya Kuzama kwa Merikebu ya Essex

Miongoni mwa masimulizi ya mabaharia yaliyochapishwa Marekani katika karne ya kumi na tisa, ni machache yaliyosomwa kwa ajili ya kitabu kingine kama yalivyosomwa masimulizi ya Owen Chase. Kazi hiyo, iliyochapishwa New York mwaka 1821, imezoeleka kutajwa kama chimbuko la riwaya ya Herman Melville, Moby-Dick (1851): nyangumi aliyeigonga merikebu akaizamisha, basi. Mhakiki akishalitwaa tukio hilo hukifunga kitabu cha Chase na kukifungua cha Melville. Makala haya yanashikilia kwamba kitabu kilichofungwa kina utata wake chenyewe, na kwamba utata huo haumo katika nyangumi hata kidogo, bali katika kiwakilishi kimoja kidogo: "sisi".

Yafaa kukumbushana kisa kwa ufupi. Essex iling'oa nanga kisiwani Nantucket, kwenye pwani ya Massachusetts, mwezi Agosti 1819, ikienda Bahari ya Pasifiki kuwawinda nyangumi ambao mafuta yao yaliwasha taa za miji ya wakati huo. Nahodha alikuwa George Pollard. Chase alikuwa msaidizi wake wa kwanza, na Matthew Joy wa pili. Tarehe 20 Novemba 1820 nyangumi mmoja dume aliigonga merikebu kwa kichwa, akarejea akaigonga tena. Watu ishirini walijikuta ndani ya mashua tatu, wakiwa na biskuti ngumu, maji, na kobe wachache waliochukuliwa Visiwa vya Galápagos. Mwezi mmoja baadaye walifika kisiwa cha Henderson, wakakaa siku chache, wakawaacha wenzao watatu waliochagua kubaki, wakaendelea na safari. Mashua ya Chase iliokolewa tarehe 18 Februari 1821, na ya Pollard siku tano baada ya hapo. Ya tatu ilipotea usiku mmoja na hawakuonana nayo tena. Wale watatu wa Henderson walichukuliwa mwezi Aprili. Jumla ya walionusurika ni wanane.

Chase alirejea Nantucket mwezi Juni 1821, na kabla ya mwaka kwisha kitabu kilikuwa kimetoka. Katika dibaji haoni haya kukiri kwamba amepoteza kila alichokuwa nacho na kwamba anatarajia malipo kidogo kutokana na kuyasimulia mateso yake. Ukweli huu wa kiuchumi hauna budi kuzingatiwa. Masimulizi haya ni bidhaa, yameandaliwa kwa wanunuzi, na yapo mashaka ya haki kuhusu ni nani aliyeshika kalamu: Melville mwenyewe, katika maelezo aliyoyaandika ndani ya nakala yake, anaona dalili kwamba Chase aliandikiwa. Hata hivyo, awe aliandika au aliandikiwa, sauti inayosikika ni ya ofisa wa merikebu mwenye jina la kulinda na ajira ya kutafuta.

Sauti hiyo hupenda kujificha katika wingi. Lau matini haya yangefasiriwa kwa Kiswahili, kiambishi nafsi "tu-" kingejitokeza karibu katika kila ukurasa: tulikubaliana, tuligawana, tuliomba, tulikata tamaa. Sarufi ya Kiswahili, sawa na ya Kiingereza katika hili, haimlazimishi msemaji kutaja nani yumo na nani hayumo ndani ya "sisi". Msomaji huchukulia kwamba wote wamo. Lakini akifuatilia vitenzi vyenyewe kwa makini ataona kwamba wingi huu hupanuka na kusinyaa kadiri msimulizi anavyohitaji. Linapokuja suala la njaa na kiu, "sisi" ni mashua nzima. Linapokuja suala la kuamua mashua zielekee wapi, "sisi" ni nahodha na wasaidizi wake wawili. Uamuzi hufanywa na "sisi" ya maofisa. Gharama yake hubebwa na "sisi" ya wote. Kati ya hizo mbili hapana alama yoyote ya kuonyesha kwamba nafsi imebadilika.

Uamuzi wenyewe ndio mhimili wa kisa. Visiwa vya Marquesas vilikuwa karibu zaidi ya nchi kavu yoyote waliyoijua, na upepo ungewapeleka upande wa magharibi bila taabu. Wakaviepuka kwa kuhofia kwamba wakazi wake walikuwa wala watu. Visiwa vya Society navyo vilizungumzwa vikakataliwa kwa sababu kama hiyo, ingawa wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kukaa Tahiti tangu mwaka 1797. Badala yake mashua zilielekezwa kusini na kisha mashariki, kwenda Amerika ya Kusini, safari ya takriban miezi mitatu katika vyombo ambavyo havikuundwa kwa bahari kuu. Katika maelezo ya Chase jambo hili linaonekana kama makubaliano ya watu wenye akili timamu. Kumbe Pollard alikuwa ametaka waende Visiwa vya Society, na wasaidizi wake ndio waliompinga hadi akalegea. Hayo tunayapata kwa Thomas Nickerson, mtumishi wa chumbani aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne merikebu ilipong'oa nanga. Aliandika kumbukumbu zake mwaka 1876, mswada ukagunduliwa mwaka 1960, na ukachapishwa mwaka 1984. Ni Nickerson pia anayesema kwamba, kabla ya pigo la pili, nyangumi alilala kando ya merikebu na Chase akapata nafasi ya kumchoma mkuki, ila akasita kwa kuchelea kwamba mkia wa mnyama ungevunja usukani. Chase hakulitaja. Badala yake ametumia nafasi kubwa kuthibitisha kwamba nyangumi alikusudia, kwamba alikuja kulipiza kisasi cha wenzake waliochomwa machusa. Si vigumu kuona faida ya hoja hiyo: kadiri kusudi la nyangumi linavyokuzwa, ndivyo kusita kwa binadamu kunavyofifia.

Inapofika hapo ndipo swali la "sisi" linapokuwa zito. Katika wale ishirini, sita walikuwa Wamarekani Weusi: Richard Peterson, Lawson Thomas, Charles Shorter, Isaiah Sheppard, Samuel Reed na William Bond. Hakuna hata mmoja wao aliyenusurika. Wa kwanza kufa katika mashua alikuwa Joy, ofisa ambaye alikuwa mgonjwa tangu awali; alitoswa baharini kwa heshima. Akafuata Peterson, mtu mzima wa makamo ya kusonga, baharia pekee Mweusi katika mashua ya Chase, naye pia alitoswa. Baada ya hapo, katika siku chache za mwishoni mwa Januari 1821, walikufa Thomas, Shorter, Sheppard na Reed katika mashua nyingine mbili, na miili yao ikawa chakula cha waliobaki. Kwa hiyo wanne wa kwanza kuliwa walikuwa Weusi wote. Bond alipotea pamoja na mashua ya tatu.

Chase anamwandikia Peterson ukurasa wenye huruma ya kweli. Mzee anakataa posho yake ili isipotee bure, anasema yu tayari kufa, na anaomba mkewe apelekewe habari. Isaac Cole, mzungu aliyefariki tarehe 8 Februari katika mashua hiyohiyo, anaandikiwa kwa urefu zaidi: wazimu wake, kelele zake, saa aliyokata roho, na namna wenzake watatu walivyokusudia kumzika na Chase akatoa wazo lile la kutisha. Vifo vya wale wanne wengine vimepangwa mfululizo katika sentensi chache, kila jina likiambatana na rangi ya mwenyewe kama bidhaa iliyobandikwa lebo. Ni haki kukiri kwamba Chase hakuwako katika mashua hizo na kwamba aliyapokea maelezo kutoka kwa Pollard. Lakini kutokuwako hakuelezi lebo. Rangi ya Cole haikutajwa; msomaji wa 1821 hakuhitaji kuambiwa.

Hapa mhakiki anapaswa kujihadhari. Wapo wasomaji ambao, wakishaiona orodha hiyo, huruka moja kwa moja hadi kwenye tuhuma ya mauaji. Matini hayaruhusu. Hakuna ushahidi kwamba yeyote kati ya wale wanne aliuawa, na mwanahistoria Nathaniel Philbrick, katika In the Heart of the Sea (2000), anavihusisha vifo vyao na lishe duni waliyokuwa nayo hata kabla ya ajali. Maelezo hayo ni mazito kuliko tuhuma, maana yanauhamisha udhalimu kutoka mashuani na kuurudisha merikebuni, katika mpangilio wa kila siku ambao hakuna aliyeuona kuwa tukio la kusimulia. Mgawo wa biskuti ulikuwa sawa kwa wote, na Chase anajivunia usawa huo. Ila wagawiwa hawakuanza wakiwa sawa. Usawa wa mwezi mmoja juu ya tofauti ya miaka mingi ni usawa wa mizani tu, na "sisi" ya Chase inaficha hilo vizuri kuliko uongo wowote ambao angeweza kuutunga.

Kuna kifo kimoja ambacho masimulizi yote hukizunguka kwa woga. Katika mashua ya Pollard, nyama ilipokwisha, walipiga kura. Kura ilimwangukia kijana Owen Coffin, binamu yake Pollard. Kura ya pili ilimtaka Charles Ramsdell, rafiki yake, amfyatulie risasi. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu wa Essex walimkimbia zimwi wasiyemjua katika visiwa ambavyo hawakuwahi kuvikanyaga, na Coffin akaliwa na waliomjua tangu utotoni.

Kwamba "sisi" hutegemea mahali pa kulala merikebuni huthibitishwa na kitabu kingine cha uwindaji wa nyangumi ambacho msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukijua. J. Ross Browne alisafiri kama baharia wa kawaida, akaiacha merikebu yake Unguja mwaka 1843, na akachapisha Etchings of a Whaling Cruise mwaka 1846, kikiwa na sehemu nzima juu ya Zanzibar. "Sisi" ya Browne ni ya omo, chumba chenye giza na uvundo walimolundikwa mabaharia. Nahodha na maofisa wake, wanaokaa tezi, ni "wao". Bahari ni ileile na kazi ni ileile, ila mpaka wa nafsi umehamishwa upande wa pili wa mlingoti. Browne anadiriki kuifananisha hali ya mabaharia na utumwa, ulinganisho ambao, kwa mtu aliyeteremka Unguja ya wakati ule, ulihitaji tahadhari kubwa kuliko aliyoionyesha.

Melville alikisoma kitabu cha Browne na kukihakiki mwaka 1847. Kabla ya hapo alikuwa ameishi majuma kadhaa miongoni mwa watu wa Nuku Hiva, katika visiwa vilevile vya Marquesas vilivyoogopwa na mashua za Essex, akatoka salama na kuandika Typee (1846). Tajiriba hii haitajwi mara kwa mara inapozungumziwa athari ya Chase juu yake, na huo ni upungufu. Kilichochukuliwa kutoka kwa Chase si nyangumi peke yake. Imechukuliwa pia hofu ya mla watu, kisha ikapinduliwa: katika Moby-Dick mwenyeji wa visiwa, Queequeg, ndiye rafiki wa kweli wa msimulizi, na jeneza lake ndilo linalomwelea Ishmael hadi akaokolewa. Aidha kuna Pip, mtoto Mweusi aliyeachwa akielea peke yake baharini, ambaye riwaya inampa ulimi, ingawa ni ulimi wa kichaa. Huenda huo ndio usomaji wa kwanza wa kihakiki wa kitabu cha Chase, na mpaka sasa unabaki kuwa bora kuliko mwingi uliofuata.

Pollard hakuandika kitabu. Alipewa merikebu nyingine, Two Brothers, nayo ikavunjika miambani mwezi Februari 1823 magharibi ya Hawaii. Hakupewa tena chombo cha kuwinda nyangumi, akaishia kuwa mlinzi wa usiku huko Nantucket. Ushahidi wake uliosalia ni wa mdomo. Aliusimulia mwaka huohuo wa 1823, akiwa njiani kurudi kwao, mbele ya George Bennet, mjumbe wa wamisionari, na ukachapishwa mwaka 1831. Tofauti yake na maandishi ya Chase haiwezi kumpita msomaji. "Sisi" imepungua mno. Anasema "mimi": mimi nilikuwa tayari kumpiga risasi atakayemgusa kijana, na kijana akakataa. Kisha, akiwa bado hajamaliza, anakatiza. Anasema hawezi kuendelea, kichwa kinawaka moto kwa kukumbuka, hajui analolisema. Bandari walimoketi ilikuwa Raiatea, katika Visiwa vya Society.